Uzi wa metaliki: maswali ya kumuuliza sapulaya kabla hujalipa

Kila nikikaa na watu wa nguo wanaotaka kuingiza vitu vya kung'aa kwenye mzigo wao mpya, swali la kwanza huwa ni lilelile, "unanunua wapi uzi wako wa metaliki?", na mi huwa naona swali lenyewe limeruka hatua. Manake unaweza kwenda kwa sapulaya mzuri kabisa, mwenye kiwanda chake na vyeti vyake, ukanunua uzi mzuri kabisa, na bado nguo zikageuka za kijivu baada ya kufuliwa mara chache. Uzi ulikuwa mzima tu, ila ulitengenezwa kwa ajili ya kazi nyingine.

Mi kazi yangu ni manunuzi ya malighafi za nguo, na kwenye malighafi zote ninazoshika hii ndo inayonifanya niulize maswali mengi kuliko zote, kwa sababu ubora wake hauonekani siku unanunua. Pamba mbovu utaiona, utaishika, utaivuta kidogo ikatike. Uzi wa metaliki siku unafungua boksi wote unang'aa, wa bei ya chini unang'aa, wa bei ya juu unang'aa, tena mara nyingine ule wa bei ya chini ndo unawaka zaidi kwa sababu umekatwa mpana. Tofauti inatokea mbele huko, kwenye bafu la rangi, kwenye mvuke, kwenye mashine ya kufulia ya mteja, kwenye jasho la kwapani. Kwa hiyo kabla hujatafuta jina la kiwanda kaa chini ujiulize nguo yako itapita wapi na wapi mpaka ifike mwilini mwa mtu, afu ndo utafute uzi uliojengwa kwa hiyo njia.

Kitu chenyewe ni nini basi. Zamani ilikuwa madini kweli, dhahabu au fedha inapondwa mpaka inakuwa bapa, inakatwa utepe mwembamba, inazungushiwa uzi wa hariri. Surat kule India hiyo kazi ya zari wanaendelea nayo mpaka leo, ingawa mwingi unaouzwa sasaivi hauna fedha halisi, na Joyo huko Kyoto, Japani, bado ni mji unaojulikana kwa nyuzi za dhahabu na fedha. Mwaka 1946 kampuni ya Dobeckmun ya Cleveland, Marekani, ikatoa uzi walioupa jina la Lurex, alumini imebanwa katikati ya filamu mbili za plastiki afu ikachanwa nyembamba, na hilo jina likashika kiasi kwamba watu wengi wanaita kila uzi wa kung'aa lureksi. Kwenye maongezi sawa, ila kwenye karatasi ya oda kuwa makini, Lurex ni jina la biashara lenye mwenyewe, ukiliandika uwe unaitaka ya kwao kweli, la sivyo andika uzi wa metaliki na ueleze umetengenezwaje.

Uzi wa leo ni karatasi kubwa ya filamu ya poliesta, mara nyingi yenye unene wa mikroni 12 au 25 hivi (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), inaingizwa kwenye chemba ya vakyumu, alumini inayeyushwa mpaka inakuwa mvuke na ule mvuke unatua juu ya filamu. Safu inayobaki ni ya nanomita makumi kadhaa tu, na mikroni moja ina nanomita 1000, kwa hiyo plastiki ni nene kuliko madini mara mamia. Juu yake inapakwa vanishi, ya epoksi au ya poliyurethani, na rangi yote unayoiona inakaa humo kwenye vanishi. Ile "dhahabu" ni alumini nyeupe iliyofunikwa vanishi ya manjano, shaba hivohivo, waridi hivohivo. Baada ya hapo karatasi yote inachanwa na visu kuwa tepe nyembamba sana. Kuna pia zile za rangi za upinde wa mvua, nyingi hazina madini kabisa, ni filamu za plastiki zimepangwa tabaka kwa tabaka na mwanga unavunjikia humo ndani, na hizo zina tabia tofauti kidogo ntazigusa mbele.

Sasa shikilia hapo kwenye visu, manake matatizo mengi yanaanzia hapo. Vanishi imepakwa juu na chini kabla ya kuchana, si ndio? Ukishachana, kila utepe una kingo mbili ambazo hazijafunikwa na kitu. Alumini iko wazi pale, kwa unene mdogo ambao huwezi kuuona, lakini maji yanauona. Na alumini ni madini yenye tabia ngumu, haipendi asidi kali na haipendi magadi, inatulia kwenye pH (kile kipimo cha asidi na magadi, 7 ndo katikati) kama 4 mpaka 9 hivi, ukitoka nje ya hapo inaanza kuyeyuka. Kwa hiyo uzi hauharibiki kutokea juu kama watu wanavyodhani, unaliwa kutokea pembeni kuelekea katikati, na ndo maana nguo iliyochoka utaona uzi umebaki na mstari mwembamba wa kung'aa katikati na pembeni plastiki tupu. Ukiiona hiyo usimlaumu mtu wa vanishi, kemikali imeingilia kwenye kingo.

Hesabu yake ni mbaya zaidi kwa nyuzi nyembamba. Utepe wa 1/69 ya inchi una upana wa milimita 0.37, wa 1/110 una milimita 0.23. Kemikali ikitafuna umbali uleule kila upande, mwembamba unapoteza sehemu kubwa zaidi ya mng'ao wake. Na hao wembamba ndo tunaowataka kwenye nguo kwa sababu ni laini! Hapa hakuna uzi bora kwa kila kitu, laini na sugu vinavutana, na sapulaya anayekwambia wake una vyote bila kukwambia amefanyaje muulize tena.

Magadi yanatoka wapi? Kila mahali. Pamba inachemshwa na kostiki soda kuondoa nta. Inapaukishwa na peroksaidi kwenye pH 10.5 au 11 ikiwa karibu kuchemka. Rangi za riaktivu za pamba zinashikishwa na magadi, pH 11 hivi. Hata sabuni ya unga ya nyumbani mara nyingi iko 10 au zaidi. Yani kitambaa cha pamba chenye metaliki ukikisuka kikiwa kibichi afu ukapeleka chote kupauka na kupigwa rangi, umepitisha alumini kwenye kila kitu inachokichukia, mfululizo, kwa moto. Fundi mmoja wa rangi nimewahi kumpelekea sampuli akaigeuza mara mbili tu mkononi akasema, "Dada, huu ukipita kwenye magadi yangu mi simo." Ndo aina ya fundi unayemtaka.

Njia ya kawaida ya kukwepa hayo ni kutumia pamba iliyokwisha pakwa rangi ikiwa uzi, ukaifuma na metaliki, afu kitambaa kikimaliza kinaoshwa taratibu tu kwa sabuni isiyo kali na kulainishwa. Kama biashara yako inataka kitambaa kipigwe rangi mwishoni, au nguo ipigwe rangi ikiwa imeshashonwa, basi unanunua daraja lingine kabisa la uzi na useme hivo tangu siku ya kwanza. Kuna ule wa kubanwa, filamu mbili zimegundishwa na alumini iko katikati, juu na chini unalindwa na plastiki kamili badala ya vanishi, ila unakuwa mnene na kingo bado ziko. Na kuna ambao badala ya alumini wameweka fedha halisi, Wajapani wameifanyia kazi sana hii, fedha haijali magadi kwa hiyo inapita kwenye rangi za pamba ikiwa nzima. Bei yake inaumiza, na fedha nayo ina adui yake, salfa, inageuka nyeusi, kwa hiyo usiichanganye na rangi za salfa na uwe makini na lastiki za mpira na maboksi ya kutunzia.

Poliesta inapigwa rangi kwenye 130°C lakini pH iko kama 5, kwa hiyo kwa alumini yenyewe si vibaya sana, shida inahamia kwenye joto, vanishi isiyo ya daraja la joto inapasuka au inafifia. Muulize sapulaya hivi, "huu unavumilia 130°C kwa dakika ngapi, na kwenye pH gani?" Akijibu "unavumilia rangi" tu hajajibu, manake rangi ya nini? Rangi ya sufu, rangi ya pamba na rangi ya poliesta ni dunia tatu tofauti.

Tuje kwenye herufi, manake kadi zote za sampuli zina M, MX, MH, MS na watu wanazipita kama vile ni namba za rangi. M ni utepe mtupu, haujashikwa na kitu. Unawaka kuliko zote kwa sababu uko bapa, na ni dhaifu kuliko zote. MX ni utepe uliosokotwa pamoja na uzi mwembamba wa poliesta au nailoni. MH umezungushiwa nyuzi mbili nyembamba, mara nyingi za denia 20 au 30 (denia ni gramu za uzi wa mita 9,000), moja huku nyingine kule zinapishana, na huo ndo farasi wa kazi kwenye sweta na vitambaa vingi vya kufumwa kwa sababu nyuzi mbili zinabeba mvuto wote na utepe unakaa tu kupendeza. MS utepe wenyewe ndo umezunguka kiini cha reyoni au poliesta mpaka kimefunikwa, wa mviringo, huo ndo wa kudarizi. Baadhi ya viwanda wana herufi zao za ziada, na hata hizi nne si kila mmoja anazitumia sawasawa, kwa hiyo ukiandika oda usiandike "MH" peke yake, andika na maelezo, utepe upana gani, filamu mikroni ngapi, nyuzi za kubeba ngapi, za nini, denia ngapi.

Kuhusu M kuna jambo moja dogo ambalo linaharibu vitambaa vizuri sana. Ukiuchomoa kwa juu ya bobini kama unavyochomoa uzi wa kawaida kwenye koni, kila mzunguko unaingiza msokoto mmoja kwenye utepe. Bobini ya kipenyo cha sentimita 6 inakupa msokoto kila sentimita 19 hivi, na pale ulipojipinda mwanga haurudi, unaona kidoa cheusi, afu kingine, afu kingine, kitambaa kizima kina vidoa na kila mtu anasema uzi una madoa. Bobini inatakiwa izunguke yenyewe, uzi utoke kwa ubavuni. Kama mashine zako haziwezi kuvuta kwa ubavuni basi usinunue M, nunua ulioshikwa, hata kama M ndo uliokupendeza kwenye kadi. Pia angalia vile vijicho vya kuongozea uzi kwenye mashine, filamu ya poliesta ina kingo kali, inachimba chuma laini mpaka inaweka mfereji, afu huo mfereji unaanza kukwangua kila uzi unaofuata. Vya kauri vinadumu.

Na kama ni mtande, zile nyuzi za urefu wa kitambaa, au mshindio, zile za kukatisha, inabadilisha kila kitu. Mtande unavutwa muda wote na unasuguliwa na meno ya kitana, hapo M mtupu mwembamba ni kujitafutia kazi ya kuunga nyuzi siku nzima. Mshindio una nafuu.

Ngozi sasa. Malalamiko namba moja ya mvaaji siyo kupauka, ni kuwasha, na nguo inayowasha haivaliwi hata iwe nzuri vipi, inakaa kabatini mpaka mwisho. Kinachowasha ni zile kingo zilizochanwa, zinapojitokeza kwenye uso wa kitambaa zinakwaruza. Unaweza kupunguza kwa njia kadhaa na zote zinaanzia kwenye manunuzi: filamu ya mikroni 12 badala ya 25, upana mdogo, filamu ya nailoni badala ya poliesta kwa sababu nailoni ni laini zaidi mkononi, na MH ambapo nyuzi za kuzungushia zinainua utepe usiguse ngozi moja kwa moja. Mi kwa nguo inayogusa ngozi moja kwa moja, blauzi, sweta jepesi, gauni lisilo na bitana, sishuki chini ya hapo. Kwa koti lenye bitana au mkoba unaweza kutumia filamu nene, tena ni bora. Na muulize mtu wa kufuma, upande wa ndani wa kitambaa metaliki inaelea umbali gani? Kwenye jakadi, vile vitambaa vya michoro iliyofumwa humohumo, unaweza kuwa na uso laini na mgongo umejaa tepe zinazoning'inia, na mgongo ndo unaogusa mtu. Jaribu shingoni na ndani ya kiwiko, usijaribu kiganjani, kiganja hakisikii kitu.

Bei. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu naona watu wanalinganisha kilo kwa kilo na hiyo haina maana yoyote kwenye uzi huu. Nguo inakula mita, haili kilo. Filamu ya poliesta ina uzito wa gramu 1.4 hivi kwa kila sentimita moja ya ujazo. Chukua utepe wa milimita 0.23 wenye unene wa mikroni 12, zidisha, utapata kama gramu 0.0039 kwa mita, yani kilo moja inatoa mita 257,000 hivi. Chukua wa milimita 0.37 wenye mikroni 25, unapata gramu 0.0129 kwa mita, kilo inatoa mita 77,000 na kidogo. Zaidi ya mara tatu! Sapulaya anayekuuzia ule mnene kwa nusu ya bei ya kilo amekuuzia ghali zaidi kwa mita, na wewe umerudi nyumbani ukifurahi. Kweli mpana unafunika eneo kubwa zaidi kwa kila mita, kwa hiyo kwenye michoro mingine unahitaji mistari michache, lakini hilo ulipige hesabu kwa makusudi, lisikutokee tu.

Ukishaongeza nyuzi za kubeba hesabu inabadilika tena. Huo utepe mwembamba ukiuzungushia nyuzi mbili za denia 30 uzi wote unafika gramu 0.0105 kwa mita, mita 95,000 kwa kilo, na metaliki yenyewe humo ni asilimia 37 tu, iliyobaki ni poliesta au nailoni. Hiyo asilimia utaihitaji kwenye lebo, kwa hiyo usiitupe.

Na hesabu hiihii inakupa silaha ya kukagua mzigo. Pima mita 100 za MH uliyoagiza, mizani ya kuonyesha sehemu ya mia ya gramu inatosha. Utepe wa 1/110 wa mikroni 12 na nyuzi mbili za denia 30 unatakiwa usome gramu 1.05 hivi. Ukikuta 1.5 ujue wamekuwekea filamu ya mikroni 25, na nimeshakutana na mzigo wa hivo, koni za kwanza zilikuja sawa na zilizofuata zikaja nene, rangi ileile, namba ileile kwenye stika, na mafundi walikuwa wanalalamika kitambaa kimekuwa kigumu na hakuna aliyejua kwa nini mpaka tulipoweka kwenye mizani. Sapulaya alipoonyeshwa namba alibadilisha mzigo, bila namba tungebishana mpaka leo kuhusu "ugumu".

Vipimo vingine unafanya mezani kabla hata hujapeleka maabara. Lile la selotepu, zungusha uzi kwenye kadi uwe bapa, bandika selotepu, sugua kwa kucha, ng'oa kwa nguvu, ukiona mng'ao umebaki kwenye selotepu vanishi haijashika. Lile la magadi, kijiko cha magadi kwenye maji ya moto yasiyochemka, tumbukiza uzi nusu saa, suuza, weka karibu na ambao haujaguswa. Fanya na siki pia. Usitegemee uzi wa kawaida utoke salama kwenye magadi, unachotafuta ni kujua umbali alumini imeliwa kutoka kwenye kingo, na ukipima nyuzi za masapulaya wawili kwenye bakuli moja kwa wakati mmoja utaona tofauti waziwazi. Piga pasi kwa joto la chini, afu la kati, uone unaanza kujikunja wapi. Filamu za upinde wa mvua zisizo na alumini zitapita kwenye magadi vizuri tu ila kwenye pasi nyingi zinageuka rangi kabla ya wenzake, kwa hiyo hilo la pasi kwao ndo la muhimu.

Ukiridhika peleka maabara kitambaa, siyo koni. Ombeni ISO 105-C06 kwa kufua, ISO 105-E04 kwa jasho, huyu anapima jasho la asidi na la alkali yote mawili na kwapani ndo panapoua metaliki, ISO 105-X12 kwa kusugua kukavu na kubichi, na kama nguo ni ya kupeleka drai klina ISO 105-D01 kwa sababu baadhi ya vanishi zinalainika kwenye dawa zao. Rangi za dhahabu na za waridi pima na mwanga, ISO 105-B02, manake rangi iko kwenye vanishi na vanishi inapauka juani, mnaweza kubaki na dhahabu iliyogeuka fedha kwenye dirisha la duka. Kwa sweta mi naongeza kufua mara kadhaa mfululizo kwa utaratibu wa ISO 6330 na kukausha, kwa sababu kuna kitu vipimo vya rangi havioni, nacho ni kusinyaa. Filamu ya poliesta kwenye joto la 150°C inasinyaa asilimia 1 au 2, pamba ya kufumwa inaweza kwenda 5 na zaidi. Pamba ikirudi na utepe usirudi, utepe unakosa pa kwenda, unatoka nje kama vitanzi vidogovidogo kila mahali. Hapo siyo uzi ubadilishwe, pamba ndo isinyazwe kabla.

Rangi kati ya loti na loti ni kesi nyingine inayochosha. Dhahabu ya loti ya Januari na ya Machi zinaweza kuwa zote "dhahabu namba ileile" na zikakaa kwenye sweta moja kama mistari. Usilinganishe koni kwa koni, koni inarudisha mwanga kila upande jicho linachanganyikiwa, zungusha nyuzi kwenye kadi bapa sambamba, weka mbili pamoja, zitazame zikiwa zimelala uelekeo mmoja chini ya taa ya D65, ile ya kuiga mwanga wa mchana, afu chini ya taa ya kawaida ya ndani, afu zigeuze. Oda nzima itoke loti moja, na kama haiwezekani loti mbili zisikutane ndani ya nguo moja, hilo likae kwenye mkataba.

Sapulaya mwenyewe sasa, manake najua wengi mlikuwa mnasubiri hapa. Dongyang, mkoa wa Zhejiang, China, ndo kuna mkusanyiko mkubwa wa viwanda vya huu uzi, India wapo, Japani wapo kwa daraja la juu. Ila swali la maana ni kwenye huo mnyororo yeye yuko wapi. Wapo wanaopaka alumini wenyewe, wapo wanaonunua karatasi iliyokwisha pakwa wakachana tu, wapo wanaonunua tepe wakazungushia nyuzi, na wapo wanaonunua koni wakabadilisha stika. Wote wanaweza kuwa watu wema na wa haraka, lakini ukipata shida ya vanishi, yule wa stika hawezi kukujibu na yule wa kuchana naye atakwenda kuuliza. Nauliza moja kwa moja, "vanishi ni yenu? visu ni vyenu? mnavinoa kila baada ya muda gani?" Kisu butu kinaacha kingo zenye meno, na kingo zenye meno zinawasha ngozi, zinakata uzi wa jirani, na zinaliwa haraka. Mtu aliyewahi kusimama karibu na mashine ya kuchana hilo swali anakujibu palepale bila kwenda kutafuta.

Cheti cha OEKO-TEX Standard 100, kile cha kupima kemikali zenye madhara kwenye nguo, usiangalie kama kipo tu, angalia daraja, la kwanza ni watoto wachanga, la pili vitu vinavyogusa ngozi, na daraja la nne la mapambo halikusaidii kwenye blauzi. Kwa filamu ya poliesta iliyorejelezwa omba karatasi za GRS (kiwango cha kimataifa cha malighafi zilizorejelezwa) za muamala wako, si picha ya cheti cha mwaka juzi. Kwenye lebo, Marekani wana jina rasmi la "metallic" kwa plastiki iliyopakwa madini, na Umoja wa Ulaya chini ya Kanuni 1007/2011 wanaruhusu kutaja metaliki kwa jina la nyenzo yake, kwa hiyo ile asilimia 37 hapo juu ndo unaanzia kuhesabu. Watu wananiulizaga pia kuhusu mashine ya kukagua vipande vya sindano vilivyobaki kwenye nguo, je itapiga kelele? Hizo za kawaida zinatafuta chuma chenye sumaku, alumini haina, inapita. Nyuzi zenye chuma halisi ndani ndo zitakusumbua.

Kwa wadarizi nipite haraka: MS, sindano ya 90/14 yenye tundu kubwa, punguza spidi ya mashine na mvuto, uzi utoke mbali kidogo na sindano ujinyooshe kabla haujafika. Uzi ukiendelea kukatika baada ya hapo angalia tundu la sindano kabla hujamlaumu sapulaya.

Mwisho oda yenyewe iandike kwa ukamilifu: muundo, upana, unene wa filamu, filamu ya nini, vanishi ya daraja gani la joto na pH, nyuzi za kubeba, uzito kwa mita 100 na kiasi gani cha kupishana unakubali, loti moja, uelekeo wa kutoka kwenye bobini, vipimo vya maabara na alama ya chini unayokubali kwenye kila kimoja. Bakiza koni moja ya kila loti, ifunge kwenye mfuko isipigwe na mwanga, andika tarehe na namba ya oda, na umtumie sapulaya kipande cha kadi kutoka kwenye koni hiyohiyo asaini na akurudishie nusu yake.